Pumzi Ilirudi Kabla ya Goti

Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari iliyoko upande wa Tengeru, nje kidogo ya Arusha, na kwa miaka tisa sasa nimekuwa nikishiriki mashindano ya baiskeli. Hakuna anayenilipa. Asubuhi ya kwanza nilipopanda kutoka Ngaramtoni hadi Oldonyo Sambu pamoja na wenzangu sita, huku Mlima Meru ukiwa mkono wa kulia umejivua mawingu yote, nilijua kwamba nitaendelea na jambo hili maadamu miguu inanibeba. Baiskeli yangu ni ya mtumba, fremu ya alumini iliyokwisha kutumika Ulaya kabla haijafika kwangu, na fundi anayeihudumia amewahi kubadilisha karibu kila kitu juu yake isipokuwa fremu yenyewe.

Ratiba yangu ilikuwa rahisi kuieleza. Jumanne na Alhamisi niliamka saa kumi na moja kasorobo alfajiri, nikaendesha kwa saa moja na nusu kabla ya kuoga na kwenda kazini. Jumamosi nilitoka na kundi kwa saa nne au tano, na Jumapili ilikuwa ya kanisa na familia. Jumla ilikaribia saa nane kwa juma, kilomita kama 200. Kwa mtu mwenye mke, watoto wawili na madaftari ya wanafunzi 120 ya kusahihisha, hizo si saa chache, lakini si nyingi pia, na hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipojificha. Kwa kuwa muda ulikuwa haba, nilijiaminisha kwamba kila dakika ni lazima iniumize ndipo iwe na faida. Jumanne nilisukuma kwa nguvu, Alhamisi nilisukuma kwa nguvu zaidi, na Jumamosi kundi letu liligeuka mashindano kila tulipoukaribia mwinuko, kwa sababu hapakuwa na mmoja wetu aliyekubali kuonekana ameachwa. Sikuwa na siku nyepesi hata moja. Majuma ya mitihani, ambayo nililala saa nne au tano kwa usiku, niliyahesabu sawa na majuma ya likizo.

Nilianguka Februari 2025, katika mashindano ya kilomita 100 kwenye barabara ya Namanga. Tulikuwa kama thelathini, tumebanana ili kukwepa upepo wa ubavuni, na mimi nilikuwa wa nne kutoka mbele. Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimesahihisha mitihani hadi saa sita na nusu. Sikumbuki kuwaza lolote. Nakumbuka tu kwamba mwenzangu wa mbele alipunguza mwendo kidogo, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, na tairi langu la mbele likagusa tairi lake la nyuma. Wanaoujua mchezo huu wanajua kwamba katika mgusano wa namna hiyo aliyeguswa huendelea na safari na aliyegusa ndiye anayeanguka, kwa sababu baiskeli husimama kwa gurudumu la mbele kuyumba kidogo kidogo kushoto na kulia bila wewe kutambua, na likizuiwa kuyumba hata kwa kitambo kifupi, huna tena namna ya kujisawazisha.

Nilitua kwa bega la kushoto, kisha nyonga. Nilisikia mlio mdogo, mkavu, kama wa ukuni unaovunjwa gotini. Nikakaa kando ya lami nimeushika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, na nilipopitisha kidole taratibu juu ya mtulinga, ule mfupa unaotoka shingoni hadi begani, nilikuta kona mahali ambapo siku zote palikuwa laini. Kofia yangu ilionekana nzima kwa nje. Fundi ndiye aliyenionyesha baadaye, kwa kuinyanyua juani, ufa mwembamba kama unywele uliopita kwenye sponji ngumu ya ndani kutoka sikio hadi kisogo. Hakuniruhusu kuondoka nayo. Kofia ya baiskeli ikishapokea pigo moja imemaliza kazi yake.

Picha ya eksirei ilionyesha kwamba mtulinga umevunjika katikati, mahali ambapo mifupa hiyo huvunjika mara nyingi, na kwamba ncha zake hazikuwa zimeachana sana. Daktari aliona hapakuwa na haja ya kupasua na kuweka chuma. Nilifungwa kitambaa cha kuuning'iniza mkono, nikaambiwa nirudi baada ya juma la sita, na kwamba nisiendeshe barabarani kabla ya picha nyingine kuthibitisha kuwa mfupa umeshika.

Majuma yale ya mwanzo nyumba yetu ilijaa watu na ushauri. Mama mkwe alishuka kutoka Machame na chupa ya supu ya makongoro, akaniambia, "Kunywa, mwanangu, mfupa huungwa na mfupa," nami nilikunywa kila alichokileta, pamoja na maziwa na dagaa ambao mke wangu aliwapika karibu kila siku. Mzee mmoja wa mtaani, ambaye namheshimu sana, alinisihi niende nikakandwe bega kwa maji ya moto, akasema anamjua mtu wa kunipeleka kwake, na kwamba kwa kukandwa ningepona katika majuma mawili. Nilimshukuru kwa adabu, nikamweleza kwamba daktari amekataza. Nasimulia jambo hili kwa sababu najua wengi hukubali kukandwa, na hukubali kwa upendo wa wale wanaowazunguka, ilhali mfupa uliovunjika huanza kujiunga kwa utando laini usiopenda kusukumwasukumwa. Ukiuvuruga katika majuma ya kwanza unaurudisha mwanzo.

Katika juma la tatu daktari aliniruhusu kukanyaga pedali bila kusafiri. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea stendi ya chuma inayoinua gurudumu la nyuma, na jioni nilikaa juu ya baiskeli barazani kwa dakika 30, mkono umening'inia kifuani, watoto wakifanya kazi zao za shule pembeni. Nilikuwa na muda mwingi wa kusoma. Nilisoma tena habari za mwendesha baiskeli Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kulelewa katika mchezo huu na Mkenya David Kinjah kule Kikuyu, akaja kushinda Tour de France, mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, mara nne kati ya 2013 na 2017. Juni 2019 alikuwa akikagua njia ya mashindano nchini Ufaransa alipogonga ukuta, akavunjika paja, kiwiko na mbavu. Alirudi mashindanoni Februari 2020, akiwa na madaktari na vifaa ambavyo sisi hatuwezi hata kuviota, na bado hakuishinda Tour tena. Nilivisoma hivyo kama habari ya mtu mwingine aliyeumia vibaya kuliko mimi. Kwamba mwili mzima unaweza kuonekana umepona huku sehemu yake moja ikiwa bado nyuma, hilo sikulichukua.

Picha ya juma la sita ilikuwa njema, na katika juma la nane nilirudi barabarani. Hapa ndipo ilipo habari yenyewe ninayotaka kuieleza, kwa sababu mtulinga, pamoja na kelele zake zote, ulipona kwa muda uleule uliosemwa na haujanisumbua tangu hapo.

Nina desturi ya kuhesabu mapigo ya moyo kila asubuhi kabla sijaondoka kitandani, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, sekunde 60 kamili. Kabla ya ajali yalikuwa 52. Nilipoanza tena mwezi wa Aprili yalikuwa 63, na mwinuko mdogo wa kutoka Tengeru ulinifanya nihisi kama nimebeba gunia. Mtu akikaa majuma machache bila mazoezi, sehemu ya majimaji ya damu hupungua, moyo husukuma damu kidogo kwa kila pigo, na hivyo hulazimika kupiga mara nyingi zaidi. Ni hasara inayokuja haraka, lakini hurejeshwa haraka vilevile. Kufikia mwanzoni mwa Juni mapigo yalikuwa 54. Nilipanda Oldonyo Sambu nikiwa naweza kuzungumza. Wenzangu walinipigia makofi, nami nikaamini kwamba nimepona. Mapigo yale yalisema kweli kuhusu moyo wangu. Kuhusu goti hayakuwa na la kusema.

Maumivu yalianza Julai, katika baridi ya asubuhi, na kwa majuma mawili yalijitokeza sehemu moja tu, nilipokuwa nikishuka ngazi za jengo la kidato cha nne. Yalikuwa mbele ya goti la kushoto, chini ya kilegesambwa, kile kifupa cha mviringo cha mbele ya goti, kama mtu anayebonyeza kwa kidole gumba kutoka ndani. Nikiwa juu ya baiskeli yalipotea baada ya dakika kumi, jambo ambalo nililitafsiri kuwa ni dalili njema. Yakaongezeka. Mwisho wa mwezi kulikuwa na mashindano niliyokuwa nimejiandikisha tangu nikiwa nimefungwa mkono, na nikiri wazi kwamba nilimeza vidonge viwili vya maumivu kabla ya kuanza, nikaendesha kilomita 90, nikamaliza wa kumi na moja. Usiku ule sikuweza kuchuchumaa chooni. Nilisimama nimeegemea ukuta, nikahisi hofu ambayo sikuihisi hata siku niliyovunjika mfupa, kwa sababu safari hii hapakuwa na ajali ya kuilaumu.

Mtaalamu wa fiziotherapia niliyepelekwa kwake ni dada mmoja mpole asiyekuwa na haraka. Kabla ya kuligusa goti alichukua utepe wa kupimia wa mafundi cherehani, akaweka alama kwa kalamu sentimita kumi juu ya goti kwenye kila mguu, akazungusha. Paja la kushoto lilikuwa jembamba kwa sentimita mbili. Nilipoanguka niliumia pia msuli wa paja na nyonga, lakini kwa kuwa eksirei ilikuwa ya bega, na mazungumzo yote yakawa ya bega, hakuna aliyeulizia mguu, na mimi mwenyewe sikuutaja. Kwa miezi mitano mguu wa kulia ulikuwa umefanya kazi ya ziada bila kusema.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Mwalimu, baada ya ajali, nani alikirudisha kiti cha baiskeli yako mahali pake?"

Nikakumbuka. Siku ile baiskeli ilirudishwa mjini ndani ya gari dogo, na ili iingie, kiti kilisukumwa chini hadi mwisho. Mtu fulani mwenye nia njema alikipandisha tena kwa kukadiria kwa macho, na mimi nilipoirudia, mwili ukiwa umesahau, sikuona tofauti yoyote.

Nilikwenda kwa fundi siku hiyohiyo. Aliegemeza baiskeli ukutani, akaniambia nipande, niweke kisigino juu ya pedali na kuishusha mpaka chini kabisa. Mguu ulipaswa kunyooka kabisa katika hali hiyo. Wangu ulikuwa umekunjika waziwazi. Alipandisha kiti kidogo kidogo, akifunga na kufungua, akinirudisha juu kila mara, mpaka kisigino kilipogusa pedali huku goti limenyooka bila nyonga kuteleza upande, ili nikikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo libaki pindo dogo tu. Kisha akafunga nati kwenye uzi, akaushikilia usawa wa mbele ya goti langu pedali ikiwa mbele, akautazama uzi ulipoangukia, na kukisogeza kiti nyuma kidogo. Alipomaliza alipima tofauti kwa rula. Milimita 17.

Nimefundisha uwiano kwa miaka 14, lakini hesabu hii sikuwahi kuifanya mpaka jioni ile. Nikikanyaga mizunguko 85 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 5,100 kwa saa, na kwa saa nane za juma ni 40,800 kwa kila mguu. Kila mmoja kati ya hiyo ulikuwa unalikunja goti kupita kiasi na kukibana kilegesambwa dhidi ya mfupa wa paja, kwenye mguu ambao msuli wake wa kulilinda ulikuwa umepungua. Mapafu hayana habari na kitu hicho. Kadiri pumzi ilivyoimarika ndivyo nilivyopata uwezo wa kuliumiza goti kwa muda mrefu zaidi. Kama ningekuwa mnyonge wa pumzi mwezi wa Juni, huenda goti lingepona kimyakimya.

Tangu siku hiyo nguzo ya kiti changu ina mzunguko wa tepu nyeusi ya mafundi umeme pale inapoingia kwenye fremu, na namba imeandikwa ndani ya daftari. Fundi pia alibadilisha gia za nyuma, akaniwekea kubwa ya meno 28 badala ya 25, kwa maelezo kwamba amenitazama miaka mingi nikipanda milima kwa gia nzito kama mtu anayesukuma kabati. Nilikuwa nimeiona gia nyepesi kuwa ni ya wanyonge. Sasa napanda nikizungusha miguu haraka zaidi kwa nguvu ndogo, na wakati mwingine wenzangu hunitangulia mita hamsini, tukakutana kileleni.

Mazoezi aliyonipa yule dada yalikuwa madogo kiasi cha kukatisha tamaa. Kusimama juu ya ngazi moja kwa mguu wa kushoto na kushusha ule mwingine hadi sakafuni huku nikihesabu mpaka nne. Kukaa kwa kuegemea ukuta bila kiti. Kulala ubavu nimefungwa mpira magotini na kulifungua la juu. Mpira wenyewe ulikuwa kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli. Aliniongezea kuruka kamba na kubeba ndoo za maji, akinieleza kwamba baiskeli hubeba uzito wa mwendeshaji kwa niaba yake, hivyo mifupa ya mtu anayeendesha bila kufanya zoezi jingine haipati mzigo inaouhitaji ili ibaki imara. Kwa mtu aliyetoka kuvunjika mfupa, maneno hayo yalinigusa kuliko yote.

Alinipa pia kipimo ambacho nimekuwa nikikitumia kila siku. Nilipe goti alama za maumivu kutoka sifuri hadi kumi. Hadi tatu naruhusiwa kuendelea, ikiwa tu asubuhi inayofuata alama imerudi ilipokuwa. Zaidi ya tatu, nasimama, hata kama nimebakisha kilomita moja. Daftari langu sasa lina safu za usingizi, dakika za kuendesha na alama ya goti. Kasi haina safu. Mitihani ya muhula inapokaribia naandika mapema kwamba juma hilo ni jepesi, na safari za Jumanne nazifanya kwa mwendo ambao ningeweza kuzungumza nao muda wote. Mke wangu alisema jambo moja ambalo sikulijibu: kwamba zamani nilikuwa narudi Jumamosi mchana, lakini watoto walinipata Jumapili.

Septemba 2025, nikiwa bado katika mazoezi hayo, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara letu. Siku ya mwisho nilikaa nimeegemea ukuta, simu mkononi, nikiwatazama wanaume wakikabili kilomita 267.5 za vilima vya mji ule. Tadej Pogačar alishinda, lakini macho yangu yalikuwa kwa wengine. Wengi wa walioanza hawakumaliza. Mmoja baada ya mwingine, watu ambao kazi yao pekee ni kuendesha baiskeli, walisogea kando na kushuka, bila tamthilia yoyote, na najua kwamba wengi wao walipanda tena baada ya siku chache. Katika miaka yangu yote ya mashindano sikuwahi kushuka kwa hiari. Nilikuwa nikijivunia jambo hilo, na pale ukutani, mapaja yakitetemeka, nilijiuliza ni nani hasa aliyewahi kunidai nijivunie.

Januari mwaka huu nilirudi mashindanoni, barabara ileile ya Namanga. Hadi Oldonyo Sambu goti lilikuwa sifuri. Kwenye mteremko wa kuelekea tambarare nilikaa mwishoni mwa kundi, nikiacha nafasi mbele ya tairi langu, na kwa saa nzima niliona furaha ambayo ilikuwa imeniacha tangu ajali: vumbi, harufu ya mimea mikavu, mlio wa minyororo ishirini kwa pamoja. Kilomita ya 55 ikawa mbili. Upepo ulipogeuka na kuja usoni, ikawa tatu. Kilomita ya 62, tukiwa hatujafika Longido, nilihisi lile gumba likibonyeza kutoka ndani, nikaandika akilini: nne. Nilinyoosha mkono kuwaonya wa nyuma, nikatoka kando, nikashuka.

Nilikaa chini ya mgunga kwa muda mrefu hadi gari la kubeba walioishia njiani lilipofika. Lilikuwa limejaa. Kijana aliyekuwa nyuma alipokea baiskeli yangu, akaona haitoshi, akatoa ufunguo mfukoni na kuinama kwenye kiti.

"Samahani, kijana wangu," nilimwambia. "Hicho usikiguse. Tutoe gurudumu."